Ujanibishaji wa programu za wavuti

Ujanibishaji wa programu za wavuti ni kazi ya kuiwezesha programu inayotumika kupitia kivinjari kuwasiliana na watumiaji kwa lugha zao, na kufuata desturi zao za kuandika tarehe, saa, namba na fedha. Kazi hiyo ina sehemu mbili. Ya kwanza ni ya watengenezaji wa programu: kuuandaa msimbo ili usifungamane na lugha moja. Ya pili ni ya wafasiri: kuandika maneno ya kila lugha na kuyahakiki. Katika maandishi ya kiufundi sehemu ya kwanza hufupishwa i18n na ya pili l10n. Tarakimu hizo huhesabu herufi zilizorukwa katikati ya maneno ya Kiingereza yanayofupishwa, yaani 18 na 10.

Mpangilio wa sehemu hizo mbili una maana. Programu ambayo msimbo wake haukuandaliwa haiwezi kutafsiriwa vizuri hata na mfasiri hodari, kwa sababu sentensi zake zimekwisha kupangwa kwa sarufi ya lugha ya kwanza. Jambo hilo huonekana wazi katika Kiswahili, ambacho kina ngeli nyingi za nomino na upatanisho wa kisarufi unaogusa karibu kila neno katika sentensi.

Historia

Usimbaji wa herufi

Kompyuta huhifadhi kila herufi kama namba. Orodha ya namba hizo iitwayo ASCII ilitangazwa Marekani mwaka 1963. Ina nafasi 128 tu, nazo zinatosha kwa Kiingereza. Zinatosha pia kwa Kiswahili kinachoandikwa kwa alfabeti ya Kilatini, kwa kuwa hakitumii alama juu wala chini ya herufi. Lakini hazitoshi kwa Kifaransa, Kireno, Kiarabu, Kihindi, Kichina wala lugha nyingine nyingi.

Baadaye zilitokea orodha za nafasi 256, kama zile za ISO 8859, kila moja ikihudumia kundi fulani la lugha. Ukurasa ulioandikwa kwa orodha moja na kufunguliwa kwa nyingine ulionyesha alama zisizoeleweka. Pia haikuwezekana kuweka Kiarabu na Kirusi pamoja katika ukurasa mmoja kwa orodha moja ya aina hiyo.

Suluhisho lilikuwa Unicode, orodha moja inayokusudiwa kubeba herufi za lugha zote. Toleo lake la kwanza lilitoka mwaka 1991. Mwaka 1992 Ken Thompson na Rob Pike walibuni UTF-8, njia ya kuhifadhi herufi za Unicode ambayo leo hutumia baiti 1 hadi 4 kwa kila herufi. Uzuri wake ni kwamba faili lolote la ASCII tayari ni faili halali la UTF-8, kwa hiyo kuhamia mfumo mpya hakukulazimu kutupa mafaili ya zamani. Siku hizi UTF-8 ndiyo njia ya kawaida katika wavuti.

Utengano wa maneno na msimbo

Desturi ya kuweka maneno ya programu katika mafaili ya pekee, nje ya msimbo, ilienea kupitia zana kama gettext. Wazo lake lilianzia katika kampuni ya Sun Microsystems, na toleo huru la mradi wa GNU lilitoka mwaka 1995. Mwaka 2003 ilianza CLDR, hazina ya taarifa za lugha na nchi ambayo sasa inatunzwa na shirika la Unicode. Ndani yake mna majina ya miezi na siku, kanuni za umoja na wingi, mitindo ya kuandika namba na mengineyo, kwa lugha nyingi pamoja na Kiswahili.

Kiswahili katika programu

Wikipedia ya Kiswahili ilianza mwaka 2003. Mwaka 2004 mradi wa KiLinux, uliohusisha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ulitoa programu huru ya ofisi kwa Kiswahili iliyoitwa Jambo OpenOffice. Mwaka 2009 Facebook ilipata kiolesura cha Kiswahili, na mwaka huohuo Kiswahili kiliongezwa katika huduma ya Google ya kutafsiri. Miradi hiyo iliwalazimu wafasiri kuamua istilahi ambazo hapo awali zilikuwa zikijadiliwa katika vitabu na semina tu.

Kutenganisha maneno na msimbo

Hatua ya kwanza ya kuongeza lugha katika programu iliyokwisha kuandikwa ni kuyatoa maneno yote yanayoonekana kwa mtumiaji kutoka ndani ya msimbo. Maneno hayo huwa kwenye vitufe, vichwa vya kurasa, maonyo, barua pepe zinazotumwa na programu, hata kwenye picha. Kila tungo hupewa jina, na msimbo hutaja jina hilo badala ya maneno yenyewe. Tungo hukusanywa katika faili moja kwa kila lugha, kwa mfano:

{
"karibu": "Karibu, $1!",
"hifadhi-kitufe": "Hifadhi mabadiliko",
"kosa-nywila": "Nywila si sahihi. Jaribu tena."
}

Alama $1 ni kishika nafasi: programu inapoendeshwa, hapo hujazwa jina la mtumiaji. Mfasiri anaweza kukihamisha popote katika sentensi kadiri lugha yake inavyotaka, lakini hapaswi kukifuta wala kukitafsiri.

Kuna kanuni tatu ambazo watengenezaji wa programu huzifuata katika hatua hii.

Kanuni ya kwanza ni kutounganisha vipande vya sentensi. Msimbo unaotanguliza namba, kisha ukaongeza nomino, kisha kitenzi, hufuata mpangilio wa Kiingereza. Kiswahili hutanguliza nomino na kufuatisha namba: "kurasa 5", si "5 kurasa". Kwa hiyo sentensi nzima huwekwa kama tungo moja.

Kanuni ya pili ni kutotumia tungo moja mahali pawili kwa sababu tu maneno yamefanana katika lugha ya kwanza. Katika Kiingereza neno lilelile linaweza kuwa amri ya kufungua na pia hali ya kuwa wazi. Kwenye kitufe Kiswahili kinahitaji "Fungua", na kwenye orodha ya maombi kinahitaji "Wazi". Tungo zikiwa mbili zenye majina mawili, tatizo halitokei.

Kanuni ya tatu ni kuandika maelezo kwa ajili ya mfasiri: tungo inaonekana wapi, kishika nafasi kitajazwa nini, na kama kuna kikomo cha urefu. Mfasiri kwa kawaida haioni programu yote anapofanya kazi. Huona orodha ya tungo tu, moja baada ya nyingine.

Umoja, wingi na ngeli

Lugha hutofautiana katika namna ya kuhesabu. Kijapani na Kichina hutumia umbo moja kwa idadi yoyote. Kiingereza na Kiswahili vina maumbo mawili, umoja na wingi. Kirusi hutumia umbo moja kwa 1, 21 na 31, jingine kwa 2, 3, 4 na 22, na jingine kwa 5 hadi 20. Kiarabu kina maumbo sita katika hesabu ya CLDR. Kwa sababu hiyo msimbo hautakiwi kuuliza tu kama idadi ni 1 au zaidi. Huiachia maktaba ya programu iamue kwa kufuata kanuni za lugha inayohusika, na mfasiri huandika maumbo yote yanayohitajika:

"kurasa-zilizofutwa": "{{PLURAL:$1|Ukurasa $1 umefutwa|Kurasa $1 zimefutwa}}"

Kwa Kiswahili, hata hivyo, umoja na wingi ni nusu tu ya jambo. Nusu ya pili ni ngeli. Tuseme mtengenezaji ameandika tungo moja yenye vishika nafasi viwili, kimoja cha jina la kitu na kingine cha idadi, akitarajia itumike kwa kila kitu kinachofutwa. Katika Kiingereza tungo hiyo itafaa karibu kila mahali. Katika Kiswahili kitenzi hubadilika kila mara:

* mtumiaji 1 amefutwa, watumiaji 5 wamefutwa
* ukurasa 1 umefutwa, kurasa 5 zimefutwa
* neno 1 limefutwa, maneno 5 yamefutwa
* kiungo 1 kimefutwa, viungo 5 vimefutwa
* picha 1 imefutwa, picha 5 zimefutwa

Mfano wa mwisho unastahili kuangaliwa. Nomino "picha" haibadiliki katika wingi, lakini kitenzi chake hubadilika. Programu inayochukua umbo la nomino pekee kama kipimo cha wingi itakosea hapo.

Vivumishi na vihusishi huleta tatizo hilohilo. Neno moja la Kiingereza lenye maana ya "-pya" linaweza kuwekwa kando ya nomino yoyote. Katika Kiswahili litakuwa "mpya", "jipya", "kipya", "wapya", "mapya" au "vipya". Namba za mpangilio nazo hufuata nomino: ukurasa wa 3, toleo la 3, kitabu cha 3. Programu ikimpa mfasiri neno pekee bila nomino yake, hakuna tafsiri moja iliyo sahihi.

Ziko njia mbili za kutoka. Ya kwanza, iliyo bora, ni mtengenezaji kuandika tungo kamili kwa kila aina ya kitu, hata kama kwa Kiingereza tungo hizo zinafanana. Ya pili ni mfasiri kuigeuza sentensi ili upatanisho uangukie neno lisilobadilika. Mahali pa "Kurasa 5 zimefutwa" huandikwa "Idadi ya kurasa zilizofutwa: 5". Mahali pa "$1 amejiunga", ambapo $1 huenda ni mtu, kampuni au kikundi, huandikwa "Mwanachama aliyejiunga: $1". Sentensi za aina hiyo ni kavu kidogo, lakini ni sahihi kwa kila idadi na kila ngeli.

Tarehe, saa, namba na fedha

Tarehe inayoandikwa 03/04/2024 ni Aprili 3 kwa msomaji wa Kenya au Tanzania, lakini ni Machi 4 kwa msomaji wa Marekani. Programu iliyoandaliwa vizuri huihifadhi tarehe kwa mtindo mmoja usiobadilika, kwa kawaida mwaka, mwezi na siku, kisha huionyesha kwa mtindo wa mtumiaji. Saa nazo huhifadhiwa kwa wakati wa dunia, UTC, na kubadilishwa wakati wa kuonyeshwa. Kenya, Tanzania na Uganda ziko saa 3 mbele ya UTC, ilhali Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo ina kanda mbili, saa 1 na saa 2 mbele.

Kiswahili kina jambo la ziada. Wasemaji wake huhesabu saa kuanzia mapambazuko na machweo, si kuanzia usiku wa manane wala adhuhuri. Saa inayoonyeshwa 07:00 husomwa saa moja asubuhi, na ile ya 13:00 husomwa saa saba mchana. Tofauti ni ya saa sita. Programu inayotafsiri maneno ya saa bila kuangalia jambo hili inaweza kuandika "saa 7:00" kwa safari ya basi ya asubuhi. Abiria mmoja atafika alfajiri kungoja basi, na mwingine atafika mchana na kukuta basi limeondoka zamani. Katika ratiba ya dawa au ya mtihani kosa kama hilo ni kubwa zaidi.

Kwa kawaida zana za kupanga saa hazifanyi hesabu ya saa za Kiswahili. Njia salama ni kuonyesha saa kwa mtindo wa tarakimu nne, kama 07:00 au 19:30, bila kutanguliza neno "saa". Kama mtengenezaji anataka kuandika kwa maneno, basi apunguze au aongeze saa sita na kutaja kipindi cha siku: alfajiri, asubuhi, mchana, jioni au usiku.

Namba hutofautiana pia. Kiasi ambacho Tanzania na Kenya huandika 1,234.56 huandikwa 1.234,56 Ujerumani. Kwa fedha, neno "shilingi" peke yake halitoshi, kwa kuwa Tanzania, Kenya na Uganda kila moja ina shilingi yake yenye thamani tofauti. Ndani ya programu hutumiwa alama za kimataifa za herufi tatu: TZS, KES na UGX, na kwa faranga ya Kongo CDF. Kubadilisha lugha ya ukurasa hakupaswi kubadilisha sarafu: msomaji wa Nairobi anayechagua Kiswahili hajaomba bei za Dodoma.

Kuitambua lugha ya mtumiaji

Kila lugha ina alama fupi. Alama ya Kiswahili ni sw, na penye haja ya kutaja nchi huandikwa sw-TZ, sw-KE, sw-UG au sw-CD. Katika orodha ndefu zaidi ya ISO 639-3 alama swa hujumlisha Kiswahili chote, swh ni Kiswahili sanifu cha pwani na Afrika Mashariki, na swc ni Kiswahili cha Kongo.

Kivinjari kinapoomba ukurasa hutuma pia orodha ya lugha anazopendelea mtumiaji. Orodha kama "sw-KE, sw;q=0.9, en;q=0.7" ina maana kwamba mtumiaji anapenda kwanza Kiswahili cha Kenya, kisha Kiswahili chochote, kisha Kiingereza. Seva huchagua lugha ya kwanza iliyo nayo. Kwa kuwa watu wengi hutumia simu au kompyuta iliyopangwa kwa Kiingereza tangu dukani, orodha hiyo haitoshi kuwa uamuzi wa mwisho. Ndiyo maana programu huweka pia mahali pa kuchagua lugha kwa mkono, na kukumbuka uchaguzi huo.

Kukisia lugha kwa kuangalia nchi aliyomo mtumiaji ni njia dhaifu. Msemaji wa Kiswahili anayeishi Muscat au London bado anasoma Kiswahili, na aliyemo Dar es Salaam huenda ni mgeni. Bendera nazo hazifai kuwakilisha lugha. Kiswahili ni lugha rasmi au ya taifa katika nchi kadhaa, zikiwemo Tanzania, Kenya, Uganda, Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo na, tangu 2017, Rwanda. Jina la lugha kwa lugha yenyewe, "Kiswahili", linaeleweka kwa wote wanaoihitaji, hata kama ukurasa uliofunguka ni wa Kichina.

Ukurasa wenyewe unatakiwa kutaja lugha yake ndani ya msimbo kwa sifa ya lang, kwa mfano lang="sw". Programu zinazosomea wasioona huitegemea ili kuchagua sauti. Ikikosewa, maneno ya Kiswahili husomwa kwa matamshi ya Kiingereza na hayaeleweki.

Herufi, ritifaa na mwelekeo wa maandishi

Kwa kuwa Kiswahili kinatoshelezwa na herufi za ASCII, programu zilizotengenezwa Afrika Mashariki huweza kuonekana nzima kwa miaka, kisha zikaharibika siku jina la Kifaransa kutoka Kongo au la Kiarabu linapoingizwa. Hifadhidata inapaswa kuwekwa katika UTF-8 kamili tangu mwanzo. Katika MySQL aina iliyoitwa utf8 ilibeba baiti 3 tu kwa herufi. Ili kupokea herufi zote za Unicode huhitajika utf8mb4.

Alama moja ya Kiswahili inahitaji uangalifu: ritifaa katika maneno kama ng'ombe na kung'aa. Katika lugha nyingi za kuprogramu alama hiyo hufungua na kufunga tungo, hivyo neno "ng'ombe" likiwekwa ndani ya msimbo bila kukingwa hukata tungo katikati na programu hukataa kuendeshwa. Katika zana ya kupanga ujumbe ya Java ritifaa moja hutoweka, na vishika nafasi vinavyofuata huonyeshwa vilivyo bila kujazwa. Ni lazima ziandikwe mbili mfululizo. Tena, kibodi nyingine huandika ritifaa iliyopinda, na mtu anayetafuta neno kwa ritifaa iliyonyooka hataliona. Mfumo wa utafutaji unapaswa kuzihesabu alama hizo kuwa moja.

Kiarabu, Kiebrania, Kiajemi na Kiurdu huandikwa kutoka kulia kwenda kushoto. Kwa lugha hizo ukurasa mzima hugeuzwa: menyu iliyokuwa kushoto huhamia kulia, na mishale hubadili mwelekeo. Hilo ni rahisi pale ambapo mitindo ya ukurasa imeandikwa kwa kutaja "mwanzo" na "mwisho" wa mstari badala ya "kushoto" na "kulia". Kiswahili chenyewe kiliandikwa kwa herufi za Kiarabu kwa karne nyingi kabla ya herufi za Kilatini kuenea, na tovuti inayoonyesha miswada ya aina hiyo huhitaji matayarisho hayohayo.

Mfano: MediaWiki

MediaWiki ni programu huru inayoendesha Wikipedia. Ilianza kutumika mwaka 2002 na imeandikwa kwa lugha ya PHP. Mwanzoni Wikipedia ya Kiingereza ilitumia usimbaji wa ISO 8859-1, ikahamia UTF-8 mwaka 2005. Leo programu hiyo inahudumia Wikipedia za lugha zaidi ya 300, kwa hiyo ni mfano mzuri wa msimbo mmoja wenye lugha nyingi.

Tungo za MediaWiki ziko katika kabrasha liitwalo i18n, zikiwa faili moja la JSON kwa kila lugha. Kabla ya mwaka 2014 ziliwekwa katika mafaili ya PHP. Mtengenezaji anapoongeza tungo mpya huiandika katika en.json, na maelezo yake kwa wafasiri katika qqq.json. Alama qqq si ya lugha yoyote: imetoka katika kundi la alama ambazo kiwango cha ISO kimeziacha kwa matumizi ya binafsi.

Wafasiri wa kujitolea hufanya kazi katika tovuti ya translatewiki.net, iliyoanzishwa na Niklas Laxström wa Finland. Hawahitaji kujua kuprogramu. Wanaona tungo ya Kiingereza, maelezo yake na nafasi ya kuandika tafsiri. Kazi yao hukusanywa na kuingizwa katika msimbo mara kwa mara. Kwa njia hiyo mwalimu, mwanafunzi au mkulima mwenye lugha nzuri anaweza kuchangia programu inayotumiwa na mamilioni ya watu.

Tungo isiyotafsiriwa bado haionyeshwi tupu. Programu hufuata mlolongo wa lugha mbadala: Kijerumani cha Uswisi huangukia Kijerumani sanifu, na mwishowe kila lugha huangukia Kiingereza. Ndiyo sababu msomaji hukuta mara nyingine ukurasa wa Kiswahili wenye kitufe kimoja cha Kiingereza. Maana yake ni kwamba tungo hiyo inasubiri mfasiri. Mtu anayetaka kuijua huongeza uselang=qqx kwenye anwani ya ukurasa, na mahali pa maneno huonyeshwa majina ya tungo zenyewe.

Istilahi

Tatizo la mfasiri wa Kiswahili mara nyingi si kukosa neno bali kuwa na maneno mengi. Kompyuta imeitwa pia ngamizi na tarakilishi. Panya wa kompyuta ni kipanya kwa wengine na puku kwa wengine. Maneno ya kuingilia katika akaunti huitwa nywila, nenosiri au neno la siri. Taasisi kama Baraza la Kiswahili la Taifa, BAKITA, lililoundwa Tanzania mwaka 1967, husanifu istilahi, lakini uamuzi wa mwisho hufanywa na watumiaji.

Kwa mtumiaji, kubadilika kwa istilahi ni kubaya kuliko uteuzi wa neno lenyewe. Ukurasa mmoja ukisema "Ingiza nywila" na unaofuata ukasema "Nenosiri si sahihi", mtumiaji mgeni atadhani ni vitu viwili. Kwa hiyo kila mradi huandaa orodha ya istilahi zake kabla ya kuanza kutafsiri. Orodha hiyo huamua pia mtindo wa amri kwenye vitufe, yaani "Hifadhi" au "Kuhifadhi", na kama mtumiaji ataambiwa kwa umoja au kwa wingi.

Upimaji

Kabla ya wafasiri kuanza, watengenezaji huweza kuipima programu kwa lugha ya bandia. Kila tungo hurefushwa na kuwekewa herufi zenye alama. Maneno yatakayobaki kama yalivyokuwa ni yale yaliyosahauliwa ndani ya msimbo. Vitufe vitakavyokata maneno ni vile vilivyopimwa kwa ufupi wa Kiingereza. Kipimo hicho ni muhimu kwa Kiswahili, ambacho huweza kubeba sentensi nzima katika neno moja kama "hawajajiandikisha", neno ambalo kivinjari hakiwezi kulikata kwa urahisi.

Usalama pia huangaliwa. Tafsiri ni maandishi yanayotoka nje ya timu ya watengenezaji, hivyo alama za HTML zilizomo hukingwa kabla ya kuonyeshwa, ili mtu asiingize msimbo wenye madhara akijifanya mfasiri.

Mwishoni msemaji wa lugha huipitia programu yenyewe, si orodha ya tungo. Ndipo hugundulika kwamba "Wazi" imewekwa penye kitufe cha kufungua, au kwamba ujumbe wa kosa unamwambia mtumiaji jambo lililo kinyume.

Umuhimu

Huduma nyingi za umma na za binafsi, kama maombi ya shule, malipo, usajili na taarifa za afya, zimehamia kwenye wavuti. Mtu asiyeielewa lugha ya fomu hulazimika kumpa mwingine taarifa zake za siri ili amjazie, pengine pamoja na nywila. Kuongeza lugha yake katika programu humwezesha kujihudumia mwenyewe na kulinda siri zake.

Gharama ya kazi hii hutegemea sana wakati inapoanza. Msimbo ulioandaliwa tangu mwanzo hupokea lugha mpya kwa kuongezewa faili moja. Msimbo uliojaa maneno ndani yake hulazimu kila ukurasa kufunguliwa na kuandikwa upya, na lugha zenye wazungumzaji wasio na fedha nyingi ndizo huachwa mwisho.